Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi, Waziri wa Elimu na Mkuu wa Majeshi: Baada ya Kampala tulifanya nini?

Waheshimiwa Mawaziri, na Afande Mkuu wa Majeshi,

Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari ya kata hapa jijini Mwanza. Nawaandikia ninyi watatu kwa pamoja kwa sababu jambo lenyewe nikilipeleka kwa mmoja nitaelekezwa kwa mwingine. Elimu watasema hayo ni mambo ya jeshi, jeshi watasema mitaala si kazi yao. Basi lipokeeni wote kwa mpigo.

Kila mwaka nikifika kwenye Vita vya Kagera darasa huamka. Hata wale wa nyuma waliolalia madawati hunyanyua vichwa. Nawaeleza namna majeshi ya Idi Amin yalivyovuka mpaka Oktoba 1978, ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera ikatangazwa kuwa ya Uganda, daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kwenda ng'ambo na kiwanda cha sukari kikakombwa. Nawasomea maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Kisha tunavuka Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara Februari, Lukaya Machi, Entebbe Aprili. Tarehe 11 Aprili Kampala inaanguka, darasa linapiga makofi, kengele inalia.

Na vitabu ninavyofundishia navyo vinaishia hapohapo. Kinachofuata ni hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, foleni za sabuni na sukari, kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Muhula huu msichana mmoja wa kidato cha nne akaninyoshea mkono: "Mwalimu, sasa jeshi letu lilirudi lini?" Nikamwambia wa mwisho walirudi 1981. Darasa likaguna. Akauliza tena: "Miaka miwili? Walikuwa wanafanya nini huko?"

Nilimjibu kwa ninayoyajua, ambayo si mengi kwa mtu anayelipwa kufundisha somo hilo. Mengi niliyonayo nimeyaokota kwenye maandishi ya wageni na kwenye vinywa vya wazee. Ombi langu kwenu linatokana na hapo: miaka ile ya baada ya Kampala ifunguliwe, irekodiwe na ifundishwe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vita yenyewe, na ndiyo yenye mafunzo tunayoyahitaji leo tunapoendelea kupeleka vijana wetu nje ya mipaka.

Tuanze na jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Kwenda Kampala hakukuwa kwenye mpango wa mwanzo. Kwanza ilikuwa kumtoa adui Kagera. Baadaye ikawa kuichukua Masaka na Mbarara ili aonje alichotuonjesha, huku tukitegemea kwamba Waganda wenyewe, kwa kushirikiana na wapiganaji wao waliokuwa uhamishoni, wangemalizia kazi. Lakini wapiganaji wa Oyite-Ojok na wa Museveni walikuwa wachache, Gaddafi akaleta majeshi kumwokoa rafiki yake, na kazi ikatuangukia sisi. Wanasiasa wa Uganda walikutana Moshi tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 kuunda umoja wao, wakati vijana wetu wameshaikaribia Kampala. Watu waliokuwa hawasalimiani London na Nairobi wakakubaliana kwa siku tatu jinsi ya kuongoza nchi ambayo serikali yake ilikuwa inaanguka wiki mbili baadaye. Profesa Yusuf Lule akaapishwa tarehe 13 Aprili. Alikuwa na kiti. Hakuwa na polisi wala jeshi lake, na mshahara wa kumlipa karani ulikuwa mashakani. Kilichokuwepo Kampala chenye nidhamu na bunduki kilikuwa jeshi letu, JWTZ, peke yake.

Hapa nimlete mzee mmoja wa Nyakato niliyemwalika darasani. Alipandia meli bandarini hapa kwenda Bukoba akiwa koplo kijana, akatembea kwa miguu hadi Kampala, na baada ya ushindi akawekwa kwenye kizuizi cha barabarani pembezoni mwa mji. Wanafunzi walitaka kusikia habari za vifaru. Yeye akawasimulia habari za friji.

Siku za mwanzo, alisema, mji mzima ulikuwa barabarani umebeba vitu. Magodoro, mabati, mashine za cherehani, viti vya ofisini. Maduka yalikuwa wazi, wenyewe hawapo. Wanaume wawili wakafika kizuizini wanavutana friji moja nyeupe juu ya mkokoteni, kila mmoja anaapa kuwa ni lake. Wanasema Kiganda, yeye ana Kisukuma na Kiswahili. "Nilifundishwa kupiga kifaru kwa bazuka," akawaambia wanafunzi. "Kuamua kesi ya friji nani alinifundisha?" Mahakama ilikuwa imefungwa, kituo cha polisi hakina hata mlango. Akawaambia friji libaki pale, atakayeleta ushahidi atalichukua. Hakurudi hata mmoja. Friji likakaa kando ya kizuizi, mvua ikalinyeshea, mwishowe askari wakawa wanahifadhia unga humo.

Darasa lilicheka sana, na mzee akaacha wacheke. Halafu akaendelea kwa sauti ileile. Kadiri wiki zilivyosonga, usiku risasi zikawa hazikatiki, na asubuhi kuna maiti. Nani amemuua nani hakujulikana: majambazi, mabaki ya askari wa Amin, visasi vya wenyewe kwa wenyewe, au mtu mwenye sare aliyekosa njia. Wale wale waliowapokea kwa maua na ndizi Aprili wakawa wanawauliza: ninyi wakombozi mnalinda nini? Kiswahili chenyewe kilikuwa tatizo, kwa sababu kwa watu wengi wa Kampala kilikuwa lugha ya kambi za Amin. Ukimwita mama mmoja umuulize njia, anakimbia.

Mwanafunzi mmoja, wa kiume, akamuuliza kuhusu wasichana wa kule na kama kuna askari walioacha watoto. Mzee akanitazama mimi, akaguna, akasema hilo tuliache. Tukaliacha. Lakini nanyi mnajua kwamba hilo nalo lina majibu, na wapo watu wanaoyasubiri.

Waheshimiwa, kanuni za vita za The Hague za mwaka 1907 zinasema kwamba jeshi likishaishika nchi ya wengine, linabeba wajibu wa kurudisha utulivu na usalama wa raia huku likiheshimu sheria zilizopo. Mkataba wa nne wa Geneva wa 1949 ukaongeza ulinzi wa raia na mali zao. Najua hoja yetu ya wakati ule: Uganda ilikuwa na serikali yake iliyoundwa na Waganda, na sisi tulikuwa wageni wake. Ni hoja ya kweli. Lakini yule koplo kwenye kizuizi hakuwa na muda wa kuangalia karatasi hizo. Kwa mwenye friji, serikali ilikuwa yeye.

Nami sitaki tufundishe sehemu tamu tu. Darasani nafundisha alichofanya Amin Kagera, na nafundisha kwa uchungu. Je, Mutukula nifundishe nini? Mji ule mdogo wa mpakani, upande wa Uganda, baada ya kutekwa Januari 1979, ulisawazishwa kwa matingatinga na raia wakauawa, kulipiza ya Kagera. Mwalimu Nyerere alipopata habari alikasirika na akaagiza raia wa Uganda na mali zao waheshimiwe. Agizo lile ni la kujivunia, na wageni walioandika juu ya vita ile wengi wanakiri kwamba nidhamu ya vijana wetu safarini kwenda Kampala ilikuwa juu ya ile ya majeshi mengi. Lakini agizo hilo halieleweki kama hukueleza lilitolewa kwa sababu gani. Nikimwambia mtoto kwamba jeshi letu halikukosea popote, siku akisoma mwenyewe kwenye simu yake ataacha kuniamini hata kwa yale ya kweli.

Kuna ugumu mwingine ambao koplo hakuuona, uliokuwa Ikulu. Lule alidumu siku 68. Aliteua na kuwaondoa viongozi bila kulishirikisha baraza la mashauriano la umoja wao, baraza likamwondoa tarehe 20 Juni 1979. Kampala ikaandamana kumtetea, na walioonekana mitaani wakiwa na silaha mbele ya waandamanaji walikuwa askari wetu. Huko uvumi ukawa mmoja: Dar es Salaam inamtaka Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, mengine yote ni maigizo. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 Binaisa akajaribu kumwondoa Oyite-Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi, na Kamati ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga ikamng'oa yeye. Tulikuwa na askari kama elfu kumi nchini humo. Hawakuingilia. Binaisa akabaki Ikulu ya Entebbe, akilindwa na Watanzania, urais hana.

Nimewahi kuwapa wanafunzi jambo hili kama swali la mjadala: tulifanya vema kutoingilia? Kundi moja lilisema ndiyo, yale ni mambo ya Waganda. Kundi la pili likajibu kwamba ukishakuwa na bunduki elfu kumi mjini kwa mtu, hata ukinyamaza umeshachagua upande. Sikuwapa jibu, na kwa kweli ninalo nusu tu. Uchaguzi wa tarehe 10 Desemba 1980 ukampa Obote ushindi ambao wapinzani wake waliukataa, Muwanga akiwa amejitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni akashambulia kambi ya Kabamba na vita mpya ikaanza, ikaendelea hadi Januari 1986. Wetu walikuwa wanafungasha. Huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako wazee wanasema askari wetu walikaa na wananchi bila visa vingi, jeshi jipya la Uganda lilichukua nafasi yetu na kuwaona watu wa huko wote kama watu wa Amin. Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa. Maelfu kwa maelfu walikuwa wameshakimbilia Sudan na Zaire.

Kwa hiyo anayekaa analaumiwa kwa kukaa, na anayeondoka analaumiwa kwa alichokiacha. Mwalimu mwenzangu wa jiografia, tunayegombana naye kila chai ya saa nne, anasema tungeishia Masaka tukarudi. Mimi naona kumng'oa Amin kulikuwa sahihi, na kukaa miezi ya mwanzo hakukuepukika. Kosa naliona kwingine: askari wa mstari wa mbele aliachwa afanye kazi ya polisi, hakimu na mkuu wa wilaya, na jeshi jipya la Uganda likaajiriwa harakaharaka, kila mkubwa akijaza watu wa kwao, sisi tukiwa ndio walimu wao. Lakini haya ni maoni ya watu wawili kwenye ofisi ya walimu. Ushahidi uko kwenu, kwenye majalada.

Msidhani nasema haya kuona Tanzania ilikuwa ya pekee kwa kushindwa. Miezi ileile, tarehe 25 Desemba 1978, Vietnam iliingia Kambodia, ikaiteka Phnom Penh tarehe 7 Januari 1979 na kumfukuza Pol Pot, muuaji mkubwa kuliko Amin. Ilikaa mpaka 1989. Dunia ikaitenga kwa kazi ambayo wengi moyoni waliishukuru. Nasi tulipata kipande chetu: kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Monrovia, Julai 1979, tulishambuliwa na viongozi wenzetu wa Afrika kwa kuvuka mpaka, wakati wenzetu hao hawakuwahi kuinua sauti Amin alipovuka wa kwetu.

Wamarekani nao waliichukua Baghdad tarehe 9 Aprili 2003, karibu miaka 24 kamili baada ya sisi kuichukua Kampala. Walikuwa na pesa, ndege na wataalamu wa kila fani. Mji ukaporwa mbele yao, makumbusho ya taifa yakiwemo. Tarehe 23 Mei msimamizi wao, Paul Bremer, akalivunja jeshi la Iraq, na wanaume laki kadhaa wakarudi nyumbani na hasira, njaa na ujuzi wa silaha. Walikwama palepale alipokwama koplo wetu na friji lake, isipokuwa wao walikaa hadi Desemba 2011 na damu iliyomwagika haina mfano na ya kwetu. Sisi hatukulivunja jeshi la Amin kwa amri. Lilikimbia lenyewe, likaacha maghala. Ghala la silaha la kambi ya Moroto lilibebwa na Wakaramojong, wafugaji wa kaskazini-mashariki mwa Uganda, wakati hakuna aliyebaki kulilinda. Kabla ya hapo walikuwa wanaibiana ng'ombe kwa mikuki zaidi. Baada ya hapo kwa bunduki za kivita, na nchi zote za jirani zinalijua tatizo hilo mpaka leo.

Na huku kwetu je? Hili linanigusa kama mtu wa Usukumani, na ndipo nawaomba mnivumilie nikirefusha.

Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Wazee hapa Mwanza wanaitaja miezi hiyo kwa kicheko kikavu, maana haikuisha. Gharama ya vita Mwalimu aliitaja kuwa dola milioni 500 hivi, kwa nchi ambayo bei ya mafuta ilikuwa imeshaipiga na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977. Misaada ya nje ilikuwa kiduchu. Na kila mwezi askari alioongezewa Uganda ulikuwa mwezi wa kumlisha, kumtibu na kumsafirisha, kwa lori lile lile lililotakiwa kubeba pamba kutoka vijijini kwenda kwenye vinu vya kuchambulia. Wakulima wa pamba wa mikoa hii wanaweza kuwaeleza hilo bila kufungua kitabu.

Halafu bunduki. Vita ilikusanya makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao mgambo wa vijijini, ikawafundisha kupiga, kisha ikawarudisha kwenye vijiji visivyo na sukari wala chumvi. Silaha zilivuka mpaka kurudi nazo, kwa njia za halali na za panya. Miaka ya 1981 na 1982 wizi wa ng'ombe Usukumani na Unyamwezini ukabadilika sura. Wezi walikuja na bunduki za kivita usiku kwenye zizi la mtu mwenye upinde. Polisi walikuwa mbali na gari hawana mafuta. Hapo ndipo sungusungu walipozaliwa, kwa mishale, filimbi na viapo, wakaenea kutoka kijiji hadi kijiji. Sisemi bunduki zote zilitoka Uganda, na njaa ya uchumi ilitengeneza wezi wake yenyewe. Lakini wazee wa Kwimba na Magu wakisimulia mwanzo wa sungusungu, wengi huanza na vita. Wanafunzi wangu wanawajua sungusungu kama ulinzi shirikishi wa mtaani, wanaokuja kudai mchango. Kwamba wana undugu na kizuizi cha Kampala, hakuna aliyewaambia. Usalama uliovunjika kule ukaja kugonga hodi kwenye maboma yetu.

Mji huu wenyewe umejaa alama zisizo na maelezo. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev ilitumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa, makombora yakaangukia Saanane na kuua swala. Leo Saanane ni Hifadhi ya Taifa, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Nimepeleka wanafunzi huko, wakapiga picha na swala na pimbi, na hakuna kibao hata kimoja nilichokiona kinachowaambia kwamba vita ilifika hapo waliposimama. Kaboya, Muleba, wanalala mashujaa wetu, na kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka kwa ngao na mkuki, na ni haki yao. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatupangi tena foleni ya kivuko, na safari ya shule kwenda Kaboya imekuwa nyepesi. Nitawapeleka. Nitawaonyesha makaburi. Wakiniuliza hawa waliofia Uganda 1980, wakati vita imeshakwisha, walikufa wakifanya nini, nitasema nini?

Afande Mkuu wa Majeshi, jambo hili si la makumbusho tu. Machi 2008 vijana wetu waliongoza kuingia kisiwa cha Anjouan, Komoro. Mwaka 2013 walikuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kilicholishinda kundi la M23 mashariki mwa Kongo, na Desemba 2017 tukapokea majeneza ya zaidi ya kumi waliouawa Semuliki. Wamekwenda Cabo Delgado, Msumbiji, wamekwenda tena Kongo na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mpaka ujumbe ule ulipositishwa Machi 2025. Najua kwamba hayo si sawa na 1979. Tulialikwa, au tulitumwa na vyombo vya kimataifa. Lakini tazameni M23: walipigwa Novemba 2013, tukashangilia, na Januari 2025 wakaingia Goma. Katikati ya tarehe hizo mbili ni nani alifungua mahakama, alilipa polisi, alimrudishia mkimbizi shamba lake? Hakuna brigedi inayoweza kufanya hayo kwa mizinga. Nchi iliyopitia Kampala ilipaswa kuwa ya kwanza kuuliza swali hilo mezani kabla ya kupanda ndege, na kuliuliza kwa kumbukumbu zake mkononi.

Basi ninachoomba si kikubwa. Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida wa kufungua nyaraka za serikali. Za mwaka 1979 hadi 1981 zimepita muda huo kitambo. Yenye siri za kweli yabaki kabatini. Yanayohusu chakula, polisi, mishahara, mafunzo ya jeshi la Uganda, mashtaka ya nidhamu na mawasiliano na serikali za Lule na Binaisa yaende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mwalimu na mwanafunzi wa chuo wayasome. Waziri wa Elimu, tayari mnalo somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Sehemu ya Kagera iongezwe kurasa za baada ya Aprili 11, pamoja na Mutukula na agizo la Mwalimu, pamoja na sungusungu. Maadili yenyewe yatafundishwaje bila hizo? Na Waziri wa Ulinzi, siku serikali inapolieleza Bunge kwamba inapeleka kikosi nje, ieleze pia siku ya pili yake: nani atashika polisi, nani atalipa, na kitu gani kikitokea tunarudi.

La haraka kuliko yote ni wazee. Jenerali David Msuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala, alifariki hapa Mwanza Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Majenerali huandikwa, angalau kwa sehemu. Makoplo, madereva, wapishi, mgambo waliotoka na panga na kurudi na medali, wauguzi wa hospitali za kijeshi, wanakufa kimyakimya Nyakato, Igoma, Buhongwa, na msibani tunasoma wasifu wenye mstari mmoja: alishiriki Vita vya Kagera. Kila mkoa una ofisi ya mshauri wa mgambo na una shule zenye walimu wa historia. Tupeni barua ya kibali na orodha ya wastaafu, sisi walimu tutawafuata wenyewe na kuwarekodi kwa simu zetu. Sihitaji posho. Nahitaji kibali, kwa sababu mzee wa Nyakato, baada ya kumaliza kuongea darasani, aliniuliza kwa kunong'ona kama hatapata matatizo.

Amekubali kurudi muhula ujao, kama afya yake itaruhusu. Nasubiri jibu lenu. Na likiwa la kukataa, naomba lije kwa maandishi na sababu zake, nalo nilisomee darasa.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa historia,
Mwanza